Uchachu Unaolinda Chakula

Bakteria wa asidi ya laktiki hawaonekani kwa macho, lakini kazi yao inanusika na kuonjeka katika karibu kila jiko la Afrika Mashariki: kwenye mtindi, kwenye togwa, kwenye uji mkali wa asubuhi, kwenye muhogo uliolowekwa. Makazi yao ni mengi. Wako juu ya majani, kwenye makapi ya nafaka, kwenye chuchu za ng'ombe, katika matundu madogo ya ukuta wa kibuyu, na ndani ya utumbo wa binadamu mwenyewe. Maziwa yakishakamuliwa au unga ukishakorogwa na maji, wao tayari wamo, pamoja na bakteria wengine chungu nzima, wakiwemo wanaoozesha na wanaoleta magonjwa. Chakula chenye maji na sukari hakikai kitupu. Lazima kitapata wenyeji. Hifadhi ya asili ya chakula inategemea ni nani kati ya hao atakayewahi kukitawala.

Nguvu ya bakteria hawa inatokana na ulaji wao, ambao kwa hesabu ya nishati ni wa hasara tupu. Kiumbe kinachotumia oksijeni huivunja glukosi hadi mwisho, na kila molekuli moja hukipatia molekuli 30 hivi za ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Bakteria wa asidi ya laktiki huishia njiani. Glukosi moja huwaachia ATP 2 tu, na kinachobaki ni molekuli 2 za asidi ya laktiki, ambazo huzitoa nje. Wapo wa kundi la pili ambao hutoa asidi pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi na kilevi kidogo au asidi ya siki, na hao ndio wanaotia mapovu na harufu. Kwa kuwa pato lao ni dogo, hawana budi kula sukari nyingi kwa haraka, na kila wanapokula wanamwaga asidi. Mabaki ya chakula chao ndiyo sumu ya majirani zao.

Kiwango cha uchachu hupimwa kwa pH. Maji safi yana pH 7, na kila namba ikishuka kwa 1, uchachu umepanda mara 10. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yana pH 6.7 hivi, mtindi una 4.5 au pungufu, na togwa iliyoiva barabara huteremka chini ya 4. Kutoka 6.7 hadi 3.7 ni hatua 3 tu kwenye kipimo, lakini uchachu umezidi mara 1,000.

Hata hivyo, si namba hiyo peke yake inayoua. Asidi ya haidrokloriki ikitiwa kwenye chakula hadi pH ileile, bakteria wabaya huivumilia vizuri zaidi kuliko wanavyoivumilia asidi ya laktiki. Sababu iko kwenye utando wa seli. Kadiri pH inavyokaribia 3.9, ndivyo sehemu kubwa ya asidi ya laktiki inavyobaki katika molekuli nzima zisizo na chaji ya umeme, na molekuli ya namna hiyo hupenya utando bila kizuizi. Ikifika ndani ya seli, ambako pH iko karibu na 7, inavunjika na kuachia ioni ya hidrojeni. Seli inalazimika kuzisukuma nje ioni hizo, na kazi hiyo inakula nishati. Inasukuma, na huku nyingine zinaingia. Salmonella au E. coli aliyenaswa katika hali hiyo huacha kwanza kuzaliana, kisha huishiwa nguvu, na mwisho hufa. Clostridium botulinum, bakteria anayetengeneza moja ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana, hawezi kuchipua kutoka kwenye mbegu yake pH ikiwa chini ya 4.6, na ndiyo maana viwanda vya vyakula vya makopo huichukulia namba hiyo kuwa mpaka wa usalama.

Asidi ina wasaidizi. Baadhi ya bakteria hawa hutoa haidrojeni peroksaidi. Wengine hutengeneza protini fupi zinazotoboa seli za jamaa zao wa karibu. Protini maarufu kati ya hizo ni nisini, inayotoka kwa Lactococcus lactis, bakteria wa kawaida kabisa wa maziwa yaliyoganda. Dalili zake ziligunduliwa mwaka 1928, na leo inatiwa kwenye jibini na vyakula vingine vya viwandani kwa namba E234. Mtu anayesoma namba hiyo kwenye pakiti huenda akashtuka, ingawa kitu chenyewe kimekuwa kikinywewa vibuyuni tangu enzi na enzi.

Udhaifu wa ulinzi wote huu ni kwamba haupo tangu mwanzo. Saa za kwanza chakula kiko wazi. Asidi bado ni chache, joto ni la kupendeza, sukari ipo, na bakteria yeyote anaweza kujaribu bahati yake. Karibu kila hatua ya upishi wa asili wa vyakula vilivyochachushwa, ikitazamwa kwa makini, ni njia ya kufupisha saa hizo.

Togwa inaonyesha jambo hili vizuri. Ni kinywaji cha nafaka kinachojulikana sana Tanzania, hasa mikoa ya kusini na nyanda za juu, na hunywewa na wakubwa kwa watoto, shambani na kwenye sherehe. Kwanza hutengenezwa kimea. Ulezi hulowekwa, hutandazwa na kufunikwa mpaka uote vijimizizi, kisha huanikwa juani na kusagwa. Upande wa pili unapikwa uji mzito wa mahindi au mtama. Moto huo unaua karibu bakteria wote waliokuja na unga, na kwa hiyo sufuria inaanza upya, ikiwa karibu tupu. Kisha inakuja hatua ambayo anayejifunza huiharakisha na mzoefu haiharakishi hata kidogo: uji unapoozwa mpaka uwe vuguvugu, na kipimo ni kidole. Kimea kikitiwa kwenye uji wa moto, vimeng'enya vyake vinaiva na kufa, na bakteria waliokuja nacho wanakufa pia. Uji ukiachwa upoe kabisa, kazi inakwenda polepole na wageni wanapata nafasi.

Kimea kikiingia kwa joto linalofaa, mabadiliko yanaonekana kwa macho. Uji uliokuwa unashika mwiko unalegea, unakuwa wa kumiminika, na utamu unajitokeza bila sukari kuongezwa. Vimeng'enya vya ulezi uliooteshwa vimeikata wanga kuwa sukari fupifupi. Sukari hiyo ndiyo mlo wa bakteria, na bakteria wenyewe wamekuja ndani ya kimea hichohicho. Wengi huongeza kikombe cha togwa ya jana. Kikombe hicho kina mambo mawili kwa pamoja: asidi iliyo tayari, inayoshusha pH papo hapo, na mamilioni ya bakteria walioshinda pambano la jana kwenye chombo kama hicho na nafaka kama hiyo.

Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na wenzao wa Norway, uliochapishwa mwaka 2003, uliifuatilia togwa saa kwa saa. Katika saa 24 pH yake ilishuka kutoka juu ya 5 hadi kukaribia 3.3. Waliotawala walikuwa bakteria wa asidi ya laktiki, Lactobacillus plantarum akiwa mmoja wa wakuu, pamoja na hamira za asili za aina kadhaa. Bakteria wa kundi la E. coli na jamaa zake walikuwepo mwanzoni, kisha wakatoweka. Hamira ndizo zinazoeleza kwa nini togwa ina umri wake. Ikiachwa siku zaidi, zinaendelea kuigeuza sukari kuwa kilevi, na kinywaji cha watoto kinaanza safari ya kuwa pombe.

Bakteria huyo plantarum anastahili neno moja la ziada. Viumbe karibu wote wanahitaji madini ya chuma ili kuishi, na mwili wa binadamu hujikinga na maambukizi kwa kuwanyima bakteria madini hayo. Plantarum hana haja nayo. Anatumia manganizi, ambayo mimea inayo kwa wingi, na hilo linaeleza kwa kiasi fulani kwa nini anaonekana kila mahali panapochachushwa mimea, kuanzia ogi ya Nigeria hadi kimchi ya Korea.

Faida ya togwa kwa watoto ilichunguzwa Tanzania mapema kuliko inavyokumbukwa. Katika miaka ya 1980 na 1990, Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walishughulikia tatizo la uji wa watoto wachanga. Uji mwepesi una maji mengi na lishe kidogo. Uji mzito una lishe, lakini mtoto haumezi, na tumbo lake ni dogo. Kimea kinaruhusu unga mwingi zaidi kutiwa kwenye uji bila uji kuwa mzito, na uchachu unaulinda uji uliopikwa asubuhi hadi mchana, katika nyumba isiyo na jokofu na yenye kuni za kuhesabu. Mwaka 1994 watafiti hao walitoa matokeo kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walikuwa na kuhara kuchache kuliko wenzao. Mwaka 1999 utafiti mwingine uliomhusisha Svanberg na Rose Kingamkono ulionyesha kwamba bakteria wa kuharisha walipungua kwenye choo cha watoto waliopewa uji wa aina hiyo. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Nafaka ina asidi ya fitiki, inayoyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe na mwili. Uchachu unaamsha vimeng'enya vya nafaka vinavyoivunja fitiki hiyo, na madini yanaachiwa.

Kwenye maziwa mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa sukari ipo tayari. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 4.8 za laktosi katika kila gramu 100. Lactococcus lactis na jamaa zake huanza kazi kwenye joto la kawaida la chumba, na pH ikifika 4.6 kaseini, protini kuu ya maziwa, inapoteza chaji iliyokuwa ikizitenganisha chembe zake. Chembe zinashikana, maziwa yanaganda bila moto. Huo ndio mtindi wa Tanzania, mala ya Kenya, ikivuguto ya Rwanda. Yogati inatengenezwa na bakteria wawili wapenda joto la digrii 42 hadi 45 za Selsiasi, ambao wanategemeana. Lactobacillus bulgaricus anaivunja protini na kumwachia mwenzake vipande vyake. Streptococcus thermophilus anamlipa kwa asidi ya fomiki na kaboni dayoksaidi. Wakiwa pamoja wanachachusha upesi kuliko kila mmoja akiwa peke yake.

Maziwa ya ngamia hayafuati kanuni hiyo kikamilifu. Chembe zake za kaseini ni kubwa na zimejengeka tofauti, kwa hiyo hata yakichacha vizuri hayagandi kama ya ng'ombe. Suusac, inayonywewa na wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na Somalia, hubaki nyepesi ya kumiminika, na mgeni anaweza kudhani haijaiva.

Wakalenjin wa Bonde la Ufa nchini Kenya wana mursik, na hapo chombo ni nusu ya ujuzi. Kijiti cha mti uitwao senetwet, kwa jina la kisayansi Senna didymobotrya, huchomwa mpaka kiwe kaa, kisha husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka ukuta wote upakwe unga mweusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu hufungwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa, au hata wiki. Yakimiminwa yanatoka na rangi ya kijivu yenye kuelekea bluu. Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa vijinga vya oloirien, mzeituni wa mwitu, na maziwa yao yaliyochacha huitwa kule naoto. Moto na moshi hupunguza wadudu wasiotakiwa kwenye ukuta wa kibuyu na kutia ladha. Matundu ya ukuta huohuo huwahifadhi bakteria wa maziwa yaliyotangulia. Kibuyu kikongwe kinagandisha upesi kuliko kipya, na mwenye nyumba anajua kipi ni kipi.

Sayansi ya maabara ilifika baadaye sana. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliitenga asidi ya laktiki kutoka kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780, bila kujua inatoka kwa kiumbe hai. Louis Pasteur, akiwa Lille, ndiye aliyeeleza mwaka 1857 kwamba uchachu huo ni kazi ya vijidudu. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria, alimwona kwa hadubini bakteria wa yogati ya kwao, na Elie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur akaieneza imani kwamba maziwa hayo yanarefusha maisha. Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, lakini kwa utafiti wake wa kinga ya mwili. Matangazo ya yogati hupenda kulisahau hilo. Majina ya bakteria hawa nayo yamebadilika. Mwaka 2020 jenasi ya Lactobacillus iligawanywa katika jenasi 25, na plantarum sasa anaitwa Lactiplantibacillus plantarum.

Nchini Uganda maarifa ya jadi na ya maabara yamekutanishwa. Bakteria maarufu wa afya ya tumbo, Lactobacillus rhamnosus GG, alikuwa chini ya hataza, na muda wa hataza ulipokwisha mradi wa Yoba ulianza kumsambaza kwa bei nafuu kwa wasindikaji wadogo wa maziwa, akiwa katika unga mkavu kwenye vijipakiti. Tatizo lilikuwa moja la ajabu: bakteria huyo hawezi kuila laktosi. Akitiwa peke yake kwenye maziwa anabaki njaa. Kwa hiyo anafungwa pakiti moja na Streptococcus thermophilus, ambaye huivunja laktosi na protini, na rhamnosus hula kinachobaki mezani.

Muhogo ni habari nyingine, kwa sababu adui wa kwanza hapo ni sumu ya mmea wenyewe. Muhogo mchungu una linamarini, kemikali inayotoa sayanidi. Ukilowekwa siku tatu hivi, bakteria wanazilainisha nyama za mzizi, na kimeng'enya cha muhogo kinakutana na linamarini na kuivunja, sayanidi inayeyukia majini au kuruka hewani. Bakteria wa asidi ya laktiki ndio wanaolichachusha pipa na kuuzuia muhogo usioze katika siku hizo. Chikwangue ya Kongo, inayofungwa kwenye majani na kukaa siku kadhaa safarini, hupitia njia hiyo. Siku zikikatwa kwa sababu ya njaa au ukame, madhara huja. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kwa kudumu, ulielezwa kitaalamu mwaka 1938 huko Kwango nchini Kongo, na Tanzania imeupata Tarime katika miaka ya 1980, kisha Mtwara na Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2000, mahali ambapo watu walikula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha.

Kwa mboga chombo kikuu ni chumvi. Kabichi iliyokatwa nyembamba ikikandwa na chumvi asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake inatoa maji yake yenyewe, chumvi inawabana wanaoozesha, na ikigandamizwa chini ya maji hayo hewa inakosekana. Achari nyingi za masoko ya pwani ni jambo tofauti. Ukali wake umetoka kwenye siki au ndimu, na kinachozilinda ni asidi iliyomiminwa, chumvi na mafuta. Bakteria hawana sifa hapo.

Uchachu una mipaka, na mpaka wa kwanza ni kwamba hauondoi sumu iliyokwisha tengenezwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 kufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yaliyoota ukungu. Mahindi ya aina hiyo hayawi salama kwa kutengenezewa togwa. Maziwa mabichi yenye Brucella yakiganda hayageuki kuwa maziwa yaliyochemshwa, kwa kuwa bakteria huyo anaweza kuishi ndani ya uchachu kwa siku kadhaa. Kuchemsha kabla ya kugandisha ndiyo kinga. Mursik nayo imechunguzwa magharibi mwa Kenya, ambako saratani ya umio ni nyingi, na watafiti mwaka 2013 waliripoti kilevi na asetaldehaidi katika baadhi ya sampuli. Hamira zinatajwa kuwa chanzo. Kwamba kemikali hiyo ndiyo inayosababisha saratani hizo ni dhana ambayo bado haijathibitishwa.

Mpaka wa mwisho uko juu ya uso wa chakula, panapokutana na hewa. Ukungu unahitaji oksijeni na hauogopi asidi. Kinyume chake, aina nyingi huila. Ukitanda juu ya mtindi au togwa, unaanza kuimaliza asidi ya laktiki, na pH inapanda tena taratibu kuelekea pale ilipokuwa saa za mwanzo. Kwa sababu hiyo vibuyu hujazwa hadi shingoni na kufungwa kwa nguvu, na kabichi hugandamizwa kwa jiwe. Ukungu ukishakomaa, kuukwangua juu hakuirudishi asidi iliyokwisha liwa chini yake.